Kupinda noti za hamonika kwa sikio la taarab

(Haya ndo maneno niliyoyasema jioni ile mbele ya vijana wa muziki hapa Mji Mkongwe, nimeyaandika yalivotoka mdomoni, nimepunguza tu salamu na yale mazungumzo tulipokatika kwenda kusali magharibi.)

Assalaam alaykum jamani. Shikamooni wazee wangu mlioketi mbele, na nyie vijana mliokaa chini pale habari zenu. Naona wengine wamekuja na hamonika mkononi, wengine wamekuja na masikio tu, hakuna neno, masikio ndo tunayoyataka khasa leo. Nimeombwa nizungumze juu ya kupinda noti, na waliponiomba nikauliza, kupinda kupi? Maana kuna kule kupinda kwa mwanzo, mtu anavuta tundu la 4, sauti inashuka kidogo, anacheka, anafurahi, anampigia simu mwenzake. Hapo wengi wenu mshafika. Leo nataka tuzungumze kinachofuata, pale ambapo watu wengi wanakwama mwaka mzima na wengine wanaitupa hamonika kwenye droo wanasema hichi kinanda cha mdomo kitu cha watoto bwana.

Nnachokiona mie ni kwamba wanakwama kwa sababu mbili. Ya kwanza wanadhani kupinda ni nguvu, yani ukivuta zaidi noti itashuka zaidi, kwaiyo mtu anavuta mpaka mishipa ya shingo inatoka na ridi, kile kibati chembamba cha ndani kinacholia, inakatika. Ya pili, wanajifunza kwa kuiga bluzi za Marekani peke yake, noti ambazo hawajazisikia tangu utotoni, wakati sisi hapa tumelelewa na kitu ambacho wenzetu wa huko wanakitafuta kwa tabu, noti zilizo katikati ya noti. Kijana wa Malindi anayesikia kanuni na udi, vile vyombo vya nyuzi vya taarab, tangu mdogo ana sikio tayari, hajui tu kama analo.

Basi tuanze na chombo chenyewe, ntapita haraka. Hii hamonika ndogo ya matundu 10 ina ridi 20, kila tundu mbili, moja inalia ukipuliza, moja inalia ukivuta. Waliozitengeneza kwa wingi ni Wajerumani, kampuni ya Hohner walianza Trossingen mwaka 1857, na ile Marine Band yao imetoka 1896 mpaka leo inauzwa. Wale walikusudia ipige nyimbo za kwao za kijijini, kodi mbili tatu, yani noti kadhaa zinazolia pamoja, watu wacheze. Mpango wa noti zake haukupangwa kwa ajili ya kupinda kitu chochote. Waliougundua huu mchezo na kuufanya sanaa ni watu weusi wa kusini mwa Marekani, walioona kuwa hamonika ya kii ya C, yani ambayo C ndo noti yake ya nyumbani, ukiipigia kwenye G, uzito ukauweka kwenye kuvuta badala ya kupuliza, inaanza kulia na kuomboleza. Kwaiyo anayekwambia hiki ni chombo cha wazungu mwambie sawa, bati na mti ni vya wazungu, kilio si chao.

Sasa skilizeni hapa maana hapa ndo pana ufunguo, na ukiuelewa huu hutohitaji kukariri chati yoyote. Ndani ya tundu moja kuna ridi mbili, moja ya sauti ya juu, moja ya chini. Ukipinda, ile ya juu inaanza kushuka, na ile ya chini ambayo ilikuwa imelala inaamka, inaingia kazini, na mwisho kabisa wa mpindo inayolia zaidi ni ile ya chini, lakini inalia nusu toni, yani hatua moja ya kinanda, juu ya sauti yake ya asili. Ndo maana unaweza kushuka mpaka nusu toni moja juu ya noti ya chini ya tundu hilo, basi, huendi zaidi, hata uvute mpaka ukauke.

Kwaiyo hesabu yake ni nyepesi. Hamonika ya C, tundu la 4, kupuliza C, kuvuta D. Katikati kuna C kali moja tu, yani nusu toni juu ya C, basi mpindo ni mmoja. Tundu la 1 hivohivo, na la 6 mpindo mmoja, A inashuka kwenda A bapa, nusu toni chini yake. Tundu la 2 kupuliza E kuvuta G, katikati kuna F kali na F, mipindo miwili. Tundu la 3 kupuliza G kuvuta B, katikati kuna B bapa, A, na A bapa, mitatu, na hili tundu la 3 ndo skuli yenyewe, tutalirudia. Tundu la 5 kupuliza E kuvuta F, hamna kitu katikati, kwaiyo kuna mtikisiko mdogo tu, anayelilazimisha tundu la 5 lishuke nusu toni anapigana na ukuta. Juu kule mambo yanageuka, kuanzia tundu la 7 noti ya kupuliza ndo ya juu, kwaiyo unapinda kwa kupuliza, la 8 mpindo mmoja, la 9 mmoja, la 10 miwili. La 7 nalo halina kitu, C na B zimegusana.

Kijana yule mwenye kofia anauliza, sasa nguvu haitakiwi kabisa? Pumzi inatakiwa yakhe, lakini pumzi ya kawaida. Vuta hewa unavyovuta unapotaka kuanza kusema, usinyonye hamonika kama embe. Kinachopinda noti ni ukubwa wa nafasi ndani ya mdomo na pahala ulimi ulipo. Na hapa sisi tunaosema Kiswahili cha pwani tuna bahati ambayo hatuijui. Tamka ghali. Tamka ghafla. Umeona ulimi wa nyuma ulivyopanda karibu na kaakaa laini? Pale pale. Mtu ambaye lugha yake haina gh anafundishwa wiki nzima pahala pa kuupeleka ulimi, wewe unapajua tangu chuoni kwa maalim. Kwa tundu la 4 na la 6 ulimi unakuwa mbele kidogo, karibu na ki, kwa tundu la 3 unarudi kwenye ku, kwa tundu la 2 na la 1 unashuka na kurudi nyuma zaidi, gho, na taya inafunguka. Midomo isibanwe, acha ilegee, hamonika iingie ndani, wengi wanaishika kwa ncha ya midomo halafu wanalalamika sauti nyembamba.

Zoezi ambalo halina gharama na unaweza kufanya hata kwenye daladala kama huogopi kutazamwa: piga mbinja kwa kuvuta pumzi ndani, si kutoa. Anza mbinja ya juu uishushe polepole mpaka chini. Angalia ulimi wako umefanya nini, umerudi nyuma, haukufanya kingine. Safari ile ile ndo unayoifanya ndani ya hamonika. Mie nnaowafundisha nawambia wapige mbinja kwanza ya noti wanayoitaka ndo waishike hamonika, na wanaokubali kufanya hivo wanafika mapema kuliko wale wenye vifua vipana.

Haya, tundu la 3. Kila mtu anaweza kulivuta likashuka ovyo, linateleza kutoka B mpaka pahala fulani chini na kurudi, hiyo si kazi, hiyo ni kuteleza. Kazi ni kusimama. Usimame kwenye B bapa ukae, usimame kwenye A ukae, usimame kwenye A bapa ukae, na kila moja iwe imenyooka haitetemeki, pumzi yote mpaka mwisho. Halafu kazi ya pili, kuanza moja kwa moja kwenye noti iliyopindwa bila kupita B. Yani ulimi uko tayari pahala pake kabla hewa haijaingia. Hapa ndo mtu anajulikana kama anapiga au anabahatisha, kwa sababu ukiianza A ya tundu la 3 huku ulimi uko pengine unaskia ile miau ya kupanda na kushuka, na msikilizaji hajui jina lake lakini anajua kuna kitu hakikukaa sawa.

Utajuaje kama umesimama pahala sahihi? Programu za simu za kupimia sauti zipo, tumieni, sizikatazi, lakini mtu akizoea kutazama sindano ya kwenye simu anapiga kwa macho. Hamonika yenyewe ina kipimo ndani. A ya tundu la 3 iliyopindwa mara mbili ina ndugu yake juu, tundu la 6 la kuvuta, A hiyohiyo oktava moja juu. F ya tundu la 2 iliyopindwa mpaka mwisho ina ndugu yake tundu la 5 la kuvuta. C kali ya tundu la 1 na ya tundu la 4 nazo ni oktava. Basi piga tundu la 6 kuvuta, liskie, liimbe kwa sauti yako, kisha itafute tundu la 3. Imba kwanza! Nasema tena imba kwanza, anayeona haya kuimba hatopinda noti vizuri, na hapa Unguja sijui nani anaona haya kuimba, harusini tunawaona.

Sasa niseme lile lililonileta. Sultani Barghash aliyetawala hapa 1870 mpaka 1888 inasimuliwa alimpeleka mtu Misri akajifunze kanuni, na 1905 vijana wa mjini wakaanzisha Ikhwani Safaa, na tangu hapo masikio ya huu mji yamelishwa makamu, yani ngazi za noti, za Kiarabu pamoja na ngoma zetu wenyewe. Tazameni mpiga kanuni, mkono wa kushoto hautulii, unainua na kushusha vile vijishikio vidogo, anabadilisha noti kidogo kidogo, robo toni, yani nusu ya nusu toni. Udi na fidla havina vigawio shingoni, kidole kinakaa sikio linapotaka. Akordiani ya kawaida na kinanda cha umeme havina hilo, vinaruka kutoka nusu toni kwenda nusu toni, na mie naona, mtanisamehe wapenzi wa modern taarab, tangu kinanda cha umeme kiwe mfalme wa harusi robo toni zimeanza kutoroka mjini. Hamonika, hichi kitu cha mfukoni, inazo. Ndani ya tundu la 3 kati ya B na B bapa robo toni imekaa inakusubiri.

Jaribuni makamu ya Rast mkishuka, kwenye G, hamonika ya C. Tundu la 6 kupuliza, tundu la 5 kuvuta, la 5 kupuliza, la 4 kuvuta, la 4 kupuliza, mpaka hapo hujapinda kitu. Sasa tundu la 3 kuvuta, ishushe nusu ya nusu toni tu, simama, halafu endelea kuishusha mpaka A, halafu tundu la 2 kuvuta, G, umefika nyumbani. Ile hatua ya robo toni ndo ngumu kuliko mipindo mingine yote niliyoitaja, kwa sababu hakuna ukuta wa kukusimamisha, ridi zote mbili zinalia pamoja na ulimi ndo unaoamua. Na kuna jambo linasaidia, hamonika nyingi hazikutyuniwa sawa na piano, B ya tundu la 3 imeshushwa kidogo kiwandani ili kodi ya G isikike tamu, nusu toni moja ina senti 100, sasa zile zilizotyuniwa kwa kodi tamu khasa B yake iko senti kama 14 chini tayari. Robo toni ni senti 50, kwaiyo safari imepunguzwa. Wala msiwe watumwa wa hiyo 50, waalimu wa makamu wenyewe hawaiweki pahala pamoja kila siku, Rast ya mmoja iko juu kidogo kuliko ya mwengine, sikiliza wa kwako umfuate huyo.

Makamu ya Hijazi ni rahisi zaidi na ni tamu zaidi, na hii nadhani wengi wenu hamjawahi kuonyeshwa. Anzia A. Tundu la 3 kuvuta, imepindwa mpaka A. Ifungue kidogo ije B bapa. Nenda tundu la 4 kuvuta ukiwa umelipinda, C kali. Liachie, D. Umeona? Noti nne, zote za kuvuta, pumzi moja, hamna kupuliza hata kidogo, na hapo tayari msikilizaji kashajua yuko wapi. Juu yake malizia tundu la 5 kupuliza, la 5 kuvuta, la 6 kupuliza, la 6 kuvuta. Inakaa yote. Inapatikana pia ukianzia E ya tundu la 2 kupuliza, hiyo mkaitafute wenyewe nyumbani, ntawadokeza tu kwamba inataka mpindo wa tatu wa tundu la 3, ule wa chini kabisa, usio na huruma. Wanafunzi wa DCMA, chuo chetu cha muziki, mliopo hapa, mna waalimu wa udi na kanuni jengo moja na nyie, mwombeni mmoja akupigieni Hijazi polepole mkae nayo, kuliko video ishirini za bluzi za Chicago.

Si kwamba bluzi za Marekani mbaya. Little Walter lazima msikilize, Sonny Terry lazima, ukitaka kuelewa noti iliyopindwa ikikaa na pumzi ya mtu wasikilize hao. Na ukitaka mipindo ya juu ya kupuliza msikilize Jimmy Reed, tundu la 8, la 9, la 10, kwa sababu ile mipindo ya juu inakaa mbele ya mdomo kabisa, ulimi uko karibu na meno, nafasi ndogo mno, ukikosea kwa unywele noti inakatika. Anzeni na hamonika ya kii ya chini, G au A, mkiijaribu kwanza kwenye F mtakata tamaa bure.

Ovablo. Najua ndo mlikuwa mnaisubiri. Ukishamaliza mipindo yote bado kuna noti hazipo, kwa mfano kwenye oktava ya kati hakuna E bapa, hakuna F kali, hakuna B bapa. Ovablo ndo inayozileta. Unapuliza tundu la 6 huku ulimi umekaa pahala pa kupinda, ridi ya kupuliza inanyamaza, na ridi ya kuvuta inalia, nusu toni juu ya sauti yake, A inakuwa B bapa. Tundu la 5 inakupa F kali, tundu la 4 E bapa. Kule juu kuna ya kuvuta, ovadroo, tundu la 7, la 9 na la 10. Ukizipata zote basi hamonika ya matundu 10 inapiga noti zote za piano kwa oktava tatu. Kuna rekodi ya 1929 ya jamaa aliyejiita Blues Birdhead ambayo ovablo inasikika, lakini aliyeifanya lugha kamili ni Howard Levy kuanzia kama 1970, jazi nzima kwenye hamonika moja ndogo.

Anzeni tundu la 6, ndo jepesi. Mtaskia kwanza sauti mbaya ya chuma kulia, kisha kimya, kisha ghafla noti. Isipokuja msilazimishe, fungueni kifuniko na bisibisi ndogo, tazameni ridi imesimama mbali kiasi gani na bati lake. Zikiwa zimeinuka sana ovablo haiji. Inasukumwa chini taratibu kwa ukucha au kijiti cha kuchokolea meno, kidogo mno, unajaribu, unasukuma tena, ukizidisha ridi haitolia kabisa. Lakini nikwambieni maoni yangu, mtu ambaye hawezi kusimama kwenye robo toni ya tundu la 3 hana haja ya ovablo. Naona vijana wanaruka kwenye ovablo kwa sababu inaonekana ufundi mtandaoni, noti inatoka nyembamba, imepanda, haina mwili, wakati mipindo ya chini kabisa imewashinda. Si lazima kila noti itoke kwenye hamonika moja, chukua hamonika ya kii nyengine.

Na hapa kwetu kuna la zaidi. Ridi ni shaba, na shaba inachoka. Ukivuta kwa nguvu, tundu la 4 na la 5 la kuvuta ndo zinazoanza kushuka sauti na kukatika, na ukikatikiwa hapa Darajani huendi kununua ridi moja, unaagiza hamonika nzima ukasubiri mtu anayekuja. Kwaiyo kupiga kwa upole kwetu si adabu tu ni uchumi. Hewa yetu ya bahari nayo ina chumvi na unyevu, hamonika ya mti ule wa ndani unavimba, msimu wa masika khasa, ya plastiki inavumilia zaidi. Ukimaliza kupiga igonge kwenye kiganja mate yatoke, iache ikauke ndo uirudishe kwenye boksi lake, usiitie mfukoni na mchanga wa Forodhani.

Dada yangu pale anauliza anunue kii gani kama atakuwa na moja tu. C, kwa sababu yote niliyosema leo ni ya C na utaweza kuyajaribu leo usiku, na kwa sababu ukikaa na mwenye kinanda mtaelewana haraka. Ya pili A. Ya tatu tuzungumze ukishazichosha hizo mbili. Na yule mzee wangu anayeuliza kama inaweza kukaa ndani ya kikundi cha taarab, ndani ya fidla na kanuni, naam inakaa, lakini isipige muda wote, ijibu tu pale nai, ile filimbi, ingejibu, na mpigaji akubali kutyuni sikio lake kwa fidla, si kwa simu.

Haya, wenye haraka nawaruhusu, wenye hamonika za C songeeni mbele. Wenye G na wenye F msipige kwanza, tutakuja kwenu. Tundu la 6 kuvuta, wote, liskieni. Sasa liimbeni. Hapana, midomo wazi, liimbeni.